Siku Baba Alipokuja Chuoni Kuniomba

Nilimsikia baba kabla sijamwona. Tulikuwa darasani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, na mwalimu alikuwa ametupa mgongo akiandika ubaoni. Kutoka koridoni ikaja sauti ya mtu anayesafisha koo. Ilikuja kwa upole, ikanyamaza, kisha ikaja tena kwa nguvu kidogo.

Kwetu, katika vilima vilivyo juu ya mji wa Maua, mwanamume mzima hagongi mlango wa mtu. Anasimama pale ua linapoanza, anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa, halafu anangoja wenye boma waamue kama wamemsikia. Kikohozi cha baba ningekitambua kati ya vikohozi vya kanisa zima. Kina mkwaruzo mwishoni, kama lango la mbao linaloburuta udongo.

Darasa likaanza kucheka chinichini. Kijana aliyekaa kando yangu, mzaliwa wa Embu mjini ambaye hapitwi na kitu bila kutia neno, akaniinamia.

"Nani huyo anapiga honi?"

"Ni baba yangu."

"Woi! Pole," akasema, akajifanya anasoma.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea sera za umma. Nikiandika hivyo leo, maneno hayo yanatulia kwenye karatasi bila shida. Wakati ule yalikuwa na shida kila nilipoyapeleka nyumbani. Likizo ilipokaribia kuisha, kanisani kwetu sisi tulio vyuoni tulikuwa tunasimamishwa mbele ili tuombewe, na mzazi wa kila mmoja anataja kile ambacho mwanawe anasomea. Uuguzi, anasema mmoja, na akina mama wanaitikia kwa furaha. Ualimu. Uhandisi. Zamu ya baba ilipofika alisimama, akaigeuza kofia yake mikononi, akasema, "Huyu wangu anasomea... serikali."

"Serikali inasomewa?" mzee mmoja akauliza kutoka benchi la nyuma. "Mimi nilijua inapigiwa kura tu!"

"Basi tumepata chifu," mama mmoja akadakia. "Mama chifu, usitusahau mahindi ya msaada yakija!"

Kanisa zima likacheka, na baba akacheka nao, lakini kofia ilikuwa imekunjwa mpaka ikafanana na andazi. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Ukimaliza, watu watakuita nani? Mwalimu anaitwa mwalimu. Daktari anaitwa daktari. Wewe?"

Nilijua tu kwamba masomo hayo yalikuwa yameniteka, na nilijua ni siku gani.

Mwalimu wetu alikuwa ametupeleka Kanja, kwao, kwenye mkutano wa wakulima uliozungumzia maji ya kuoshea ng'ombe. Alitukataza kuandika chochote. "Msiwaangalie wanaoongea," alitwambia tukiwa bado barabarani, matope yameshika viatu. "Hao watajisemea. Angalieni wasioongea." Nikakaa kwenye nyasi na kumwangalia bibi mmoja aliyeficha mikono ndani ya leso. Wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine, wakasifu mpango, wakakaa. Kila sifa ilipotolewa, mikono ya yule bibi ilikuwa inasogea ndani ya leso kama kifaranga. Mkutano ulipokaribia kufungwa, mwalimu aliomba ruhusa ya kusema, akamwuliza yule bibi, "Na wewe, cucu?" Halafu akanyamaza. Ule unyamavu ulikuwa mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Mwishowe bibi akasema kwamba bomba likipita pale lilipochorwa, maji yatakatwa kwenye kijito anakochota yeye na majirani zake, na hakuna aliyewauliza. Mpango ukarudishwa ukachorwe upya. Ng'ombe wakalia, watu wakatawanyika. Mimi nikabaki nimekaa palepale kwenye nyasi, kama mtu aliyeona njia ya kwenda mahali ambapo hakujua kuwa anataka kwenda.

Likizo iliyofuata nilimwambia baba, kwa fahari yote niliyokuwa nayo, "Tunafundishwa kuendesha mikutano ya wananchi." Alikuwa ameketi kwenye kigogo nje ya jikoni, akitafuna miraa yake ya alasiri. Taya lake likasimama. Jioni ile alipokuwa akifunga zizi ndipo aliposema, bila kugeuka, kwamba kuna nafasi katika chuo cha ualimu upande wa Meru, na kwamba ameshaongea na mkuu wake.

"Lakini baba, nimebakisha kidogo tu."

"Utafundisha hapa karibu," akasema. "Watu watakuita mwalimu."

Nikarudi chuoni Embu tukiwa hatujamaliza maneno. Na sasa alikuwa amekuja kuyamaliza.

Mwalimu alifungua mlango wa darasa. Baba alikuwa amesimama koridoni na koti lake la kanisani, ukungu wa barabara ya Chuka ukiwa bado kwenye mabega. Kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa kwa jani bichi la mgomba, kikazungushiwa kamba za gome kavu la mgomba na kukazwa kwa fundo moja pana. Nililijua fundo lile.

Miraa tunayouza hatuifungi hivyo. Ile ni ncoolo, miraa ya heshima, inayokatwa kwenye miti mikongwe ambayo babu zetu waliikuta imesimama. Ukoo ukitaka kuomba binti wa watu, wanaume wake huja na furushi kama hilo na kuliweka mbele ya baba wa msichana. Halisemewi maneno mengi. Baba wa msichana huliacha pale, anaongea habari za mvua na za ng'ombe, analipima kwa macho. Asipolifungua, wageni hulibeba na kurudi kwao kimya. Akilifungua, amekubali. Niliona dada yangu akiombwa namna hiyo. Tulikuwa tumejibanza nyuma ya ukuta wa jikoni, na kamba ilipofunguliwa mama alipiga kigelegele kabla hata hajaambiwa.

Kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu huko nyumbani ameniposa. La pili lilikuwa baya zaidi, na ndilo lililokuwa kweli.

Siku niliyojiunga na chuo, baba alinisindikiza. Wazazi walikusanywa ukumbini na kiongozi mmoja akawaambia kwa sauti tamu, "Nendeni nyumbani kwa amani. Kuanzia leo, hawa ni watoto wetu." Wazazi wengine walisikia ukarimu. Baba alisikia habari. Njiani kuelekea lango aliniuliza kwa makini, "Amesema ninyi ni watoto wao?" Nikacheka, nikamwambia ndiyo. Yeye hakucheka. Alilichukua neno lile, akaenda nalo nyumbani Igembe, akaliweka. Na mtu akimtaka binti ambaye sasa ni wa watu wengine, hata kama alimzaa mwenyewe, njia ya kumpata anaijua.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi wasome wenyewe, akatupeleka ofisini kwake. Mlango wa ofisi ile ulikuwa umevimba tangu mvua za Aprili. Haukufungika. Kila mgeni aliusukuma, ukarudi na kubaki wazi kidogo, na mwalimu alikuwa ameshazoea kufanya kazi huku upepo wa koridoni ukimgeuzia karatasi.

"Karibu sana, mzee wangu. Umetoka mbali."

"Tumetoka," baba akasema. Akaliweka furushi juu ya meza, katikati, akalisogeza kidogo upande wa mwalimu. Halafu akaketi na kuweka kofia gotini. "Nimekuja kwa sababu ya huyu mtoto."

"Mtoto mzuri sana. Hata hukuhitaji kubeba kitu, baba," mwalimu akasema huku akitabasamu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye fundo.

"Madam..." nikaanza.

Kamba ilifunguka kwa urahisi, kama ilivyokusudiwa. Jani likajikunjua, na harufu ya kwetu, harufu ya maganda mabichi na umande, ikajaa ofisi. Vijiti vilikuwa vyekundu, vimepangwa vichwa pamoja, vizuri hata kwa kuviona tu nikatamani kulia.

Baba alishusha pumzi ndefu. Akasimama, akampa mwalimu mkono.

"Asante, Madam. Sikujua itakuwa rahisi hivi." Akanigeukia. "Mwari, nenda ulete nguo zako."

Mwalimu alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama kilichokuwa mbele yake. Nikamweleza. Niliongea haraka, Kiswahili changu kikijikwaa, kwa sababu nilikuwa nikieleza desturi na papo hapo nikieleza kwamba maisha yangu ya pale yalikuwa yamekwisha. Nilipomaliza, aliondoa mikono yake mezani polepole, kama mtu aliyegundua kwamba sufuria ina moto.

"Mzee, mimi ni wa Kanja," akasema. "Kwetu kitu kikija kimefungwa kwa jani la mgomba, hiyo ni nduma ya kuchemshwa. Unafungua haraka, mgeni akiwa bado anaona, ndiyo umtilie kitu kingine. Jani halirudi kwa mwenyewe likiwa tupu."

"Nduma!" Baba aliliangalia furushi lake kana kwamba limetukanwa. "Hii uliona ni nduma?"

"Sisi huku miraa hatuijui, mzee. Tunajua muguka, ile ya majani, ya kupimiwa kwa karatasi."

"Muguka ni ya mbuzi."

Mwalimu akacheka, akashindwa kujizuia, na baba naye pembe ya mdomo ikamcheza. Lakini hakuketi.

"Hata hivyo, umefungua," akasema.

"Nimefungua."

"Na kwetu ukifungua, umekubali. Hiyo sheria sikuitunga mimi."

Mwalimu alimwomba aketi, na baba akaketi kwenye ukingo wa kiti, mkao wa mtu anayesubiri tu mzigo uletwe. Nje mtu alipita na ndoo. Mlango ulisogea na upepo.

Nilijua kwamba nikienda hosteli kuchukua nguo, sitarudi. Hakuna ambaye angenilazimisha. Baba hajawahi kuninyooshea mkono maishani. Ningeenda kwa sababu furushi lilikuwa limefunguliwa, na mimi ni mtoto wa watu wanaoheshimu fundo. Hicho ndicho kilichonitia hofu. Sehemu yangu moja ilikuwa tayari imeanza kukunja blanketi.

"Baba," nikasema, "kwani kusoma kwangu kumekukosea nini?"

"Kusoma hakujanikosea." Alijibu kwa Kiswahili, ili mwalimu naye asikie. "Ungesomea hata nyota, ningekuuzia miraa usome. Lakini si hii."

"Kwa nini?"

Akageuza kofia. Kisha akamweleza mwalimu, si mimi, ingawa mimi nilikijua kisa hicho nusunusu na sikuwahi kudhani kinanihusu. Kituoni kwetu palikuwa na mahali pa kupakia miraa, kando ya barabara, kwenye uwanja mgumu ambapo magari yaliweza kugeuka hata mvua ikinyesha. Siku moja walikuja wageni. Walikuwa na ramani na maneno laini. Waliongea Kiswahili cha juu, na wazee waliokuwa pale wengi wao ni wa Kimeru tu. Walipomaliza, aliyeongoza mkutano alisema wageni wapigiwe makofi.

"Tukapiga," baba akasema. "Sisi mgeni tunampigia makofi hata kama amepotea njia. Ni adabu tu."

Baada ya muda wakaambiwa wahamie chini, kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambapo gari likiingia mvua ikinyesha linatoka kesho. Walipokwenda kulalamika waliulizwa wanalalamika nini, na mpango waliupitisha wenyewe, wote, kwa makofi.

"Walikuwa vijana," baba akasema. "Wasafi. Wamesoma. Huyu aliponiambia anafundishwa kuendesha mikutano ya wananchi, nikaona ni wale wale. Nikaona atakuja siku moja kwa watu wa baba mwingine, na viatu safi, aongee vizuri, na wazee wampigie makofi." Sauti yake ilishuka. "Mimi nilipiga makofi, Madam. Kwa mikono hii. Sikujua kama nilikuwa ninakubali kitu."

Nilitazama meza, kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye. Jani lilikuwa limelala wazi, kamba imejikunja kando yake. Mwalimu naye alikuwa akilitazama. Hatukusema kitu, na sasa nadhani ilikuwa heri, maana lolote ambalo tungesema lingekuwa kumfunga mzee kwa maneno yake. Alikuwa ameshafika mwenyewe. Niliona akiyainua macho kutoka kwenye viganja vyake, yakaenda mpaka kwenye kamba, yakabaki pale. Alisafisha koo, lakini safari hii hapakuwa na boma la kuingia.

"Madam," akasema hatimaye. "Ulipofungua hii, ulijua ni nini?"

"Sikujua, mzee."

"Ungejua, ungefungua?"

"Ningekuuliza kwanza unaomba nini." Akaninyooshea kidole. "Halafu ningemwuliza yeye."

Baba akanigeukia. Sikumbuki kama amewahi kunitazama hivyo kabla ya siku ile. Alinitazama anavyotazama mti wa miraa akiwa chini, kabla ya kupanda, akiuliza matawi kama yatambeba.

"Wewe ungekuwa pale kituoni," akasema, "na ramani yako. Ungefanyaje?"

Nilimfikiria bibi wa Kanja na leso yake.

"Ningesema kwa Kimeru. Halafu ningeuliza. Halafu ningenyamaza mpaka yule wa mwisho aongee."

"Watu wa kwetu? Utakaa sana."

"Nitakaa."

"Mzee fulani," na hapa alimtaja mzee yule yule aliyenicheka kanisani, "huyo akianza kuongea, mvua inaanza na kuisha."

"Nitakuja na mwavuli, baba."

Akaguna. Kwa baba kuguna kuna aina nyingi, na hii ilikuwa ile ya kukubali kwamba ng'ombe aliyenunuliwa na mtu mwingine si mbaya sana. Alisogeza kiti, akavuta furushi upande wake. Akapanga vijiti upya, akakunja jani pale pale lilipokuwa na mikunjo, akazungusha kamba na kuikaza. Fundo lilirudi pana kama mwanzo. Mimi na mwalimu tulimwangalia kama watu wanaoangalia mtoto akifungwa mgongoni.

"Haijafunguliwa," akasema.

"Haijafunguliwa," mwalimu akaitikia.

"Basi sijaomba kitu. Nilipita tu kuwasalimia." Akaibana miraa kwapani na kusimama. "Hii nitakula mwenyewe njiani. Nyinyi endeleeni na ile ya mbuzi."

Mwalimu akacheka tena, akafungua droo ya chini ya meza yake, akatoa maparachichi aliyokuwa amebeba kutoka Kanja, makubwa, yenye ngozi ya kung'aa, akamtilia mifukoni mwa koti la kanisani mpaka koti likavimba pande zote mbili.

"Hapana, Madam, sikukuletea kitu. Jani langu linarudi limejaa."

"Hiyo iliyojaa ni yako. Hii ni yangu."

Hakubishana. Nikaenda kumfungulia mlango, nikitaka kumsindikiza mpaka barabarani, lakini alinizuia kwa kofia.

"Una darasa," akasema. Kisha, kwa Kimeru na kwa sauti ya chini ili mwalimu asisikie, akaniambia kwamba Jumapili akiulizwa kanisani atasema binti yake anasomea kuuliza watu. "Kama watacheka, wacheke," akaongeza. "Nitawauliza ni nani amewahi kuwauliza wao."

Alitoka. Niliurudisha mlango, ukagoma pale pale unapogoma siku zote, ukabaki wazi kidogo, na kwenye ule mwanya nikamwona amesimama, akiukagua kutoka juu mpaka chini jinsi anavyokagua mlango wa zizi. Mkono wake ukaingia, ukashika kitasa. Akauinua mlango kidogo kwenye bawaba zake, akauvuta kwake, na ukafunga.